Tundu la Parachuti

Mwalimu Tunu alilikunjua parachuti jekundu kwenye uwanja wa shule. Tundu alilolikata mwenyewe katikati, dogo kama kifuniko cha soda, lilikuwa limezibwa kwa kiraka cha duara chenye mishono midogo midogo, mizuri ajabu. Bila tundu, hewa ingekosa pa kutokea, parachuti lingeyumba, na roketi ya karatasi waliyoihangaikia wanafunzi muhula mzima ingejibamiza chini.

"Babu Shebe," alimwambia mzee fundi wa kushona, aliyeletwa kwa kushikwa mkono kwa sababu ya ukungu wa macho, "hapa katikati..."

"Palitoboka, mjukuu wangu. Nilipokuwa napinda kingo nikapapasa, nikaona aibu. Kazi ya Shebe itoke na tundu?"

Hii ilikuwa kazi ya kwanza ya mzee tangu macho yaharibike. Tunu akaketi chini karibu naye, akamweleza taratibu jinsi hewa inavyopita.

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Ungesema tangu mwanzo! Mwalimu gani wewe? Lete wembe. Nimeshona mimi, nafumua mimi."

Akafumua kwa kupapasa, uzi mmoja mmoja, watoto wakisubiri.

Roketi ilifyatuka kwa mlio mkali, kelele zikapanda, kisha kimya.

"Limefunguka?" aliuliza mzee.

Tunu aliushika mkono wa mzee, akakinyoosha kidole chake juu kabisa, kwenye kitone chekundu angani. Kidole kikaanza kushuka, polepole, polepole mno, kikielekea upande wa mabati ya soko.