Tusi la Kwanza la Luzviminda

Luzviminda alisimama na upawa mkononi, akajiambia: leo au basi.

Tangu atoke Ufilipino kuja kuwapikia wakata manyoya ya kondoo, Kiingereza chake kilikuwa safi kama sahani za wageni. Wao walitukanana kutwa, mikono ikiwa mabegani mwa wenzao. Yeye aliambulia "asante, madamu" tu. Huko mashambani mwa Australia, anayeheshimiwa sana bado ni mgeni, na yeye alikuwa amechoka kuwa mgeni.

Mzee wao, fundi wa mkasi, alikuwa keshaanza kula.

"Tafuna polepole, babu," Luzviminda akamwambia. "Hayo meno mawili yasije yakabaki kwenye nyama."

Vijiko vikaganda hewani. Mzee akamkazia macho, tone la mchuzi likining'inia kwenye ndevu zake nyeupe. Lilikataa kudondoka. Luzviminda akaanza kupanga nguo zake sandukuni, kichwani tu.

"Meno nilikuwa nayo yote," mzee akasema, "kabla hujaja kutupikia hivi viatu."

Akakomba sahani kwa mkate mpaka ikang'aa, akaisukuma mbele.

"Niongezee basi, mchawi wee."