Maoni Kuhusu Mzimu wa Masjala

Siku hizi karani akifa, maneno yake huingizwa kwenye mchezo wa kompyuta wa maandishi uitwao Ofisi ya Mizimu. Wachezaji wakiandika maoni kwamba wamemchoka, anafutwa.

Baba yangu, Mzee Mwakio, alikuwa mzimu wa masjala. Kila nilipoandika "fungua mlango," alinijibu, "Karibu, mwanangu. Umekula?" Nami nilimsifu kwenye ukurasa wa maoni, nikiamini watu watampenda.

Wengine walimcheka. "Mchezo mtamu, ila huyu mzee wa 'umekula?' anaboa! Mpeni sahani aende zake."

Leo nimeandika "fungua mlango," nikajibiwa, "Meza hii iko wazi."

Nikasoma maoni yaliyomfuta. "Mwondoeni. Katika ndoa yetu yote hakuwahi kuniuliza kama nimekula." Chini yake palikuwa na jina la mama.

Nilimkuta jikoni akisonga ugali.

"Mama, ni wewe kweli?"

"Ni mimi, Wakesho."

"Umenifutia baba!"

"Yule si baba yako. Baba yako nilimfungulia mlango huu kila jioni, na hakuuliza kitu."

Akaniwekea sahani. "Haya, kula."

Nilikula kwa hasira mpaka nikamaliza. Sikumuuliza kama yeye amekula.