Simu za Kila Alhamisi

Simu ya ishirini na tatu ilipigwa Alhamisi, saa kumi na dakika tano alasiri, kutoka chumba cha kufulia jezi. Marlys Hegland aliipigia mstari mwekundu kwenye orodha ya simu za chuo, akaichukua karatasi na kushuka nayo hadi chini ya ukumbi wa mieleka.

Marlys alikuwa afisa wa kanuni wa chuo. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha hakuna anayewarubuni vijana wa sekondari wajiunge na timu kinyume cha sheria. Makocha waliruhusiwa kuwapigia simu, tena kwa siku maalumu. Wengine wote, kuanzia katibu hadi mfuaji, marufuku.

Mfuaji alikuwa Verlyn Postma, mzee wa miaka sitini na minne ambaye hakuwahi hata kuchelewa kazini. Marlys alimkuta anakunja taulo. Mashine zote zilikuwa zimezimwa, lakini nyuma ya ukuta kulikuwa na mlio, kama baiskeli ya mazoezi inayozungushwa polepole. Upande ule kulikuwa na chumba cha mvuke. Kilitiwa kufuli miaka miwili iliyopita, Owen Labarge, mwanamieleka wa timu, alipofia mle akijitoa jasho ili apungue ratili nne kabla ya kupimwa uzito. Ripoti ilisema ni moyo.

"Ni mabomba," Verlyn alisema, alipomwona ametega sikio. "Ndivyo wanavyoniambia."

Marlys akaiweka karatasi juu ya taulo. "Unamjua Colter Amdahl?"

"Yule kijana wa kaskazini? Namjua. Mwepesi kama paka."

"Umempigia mara ishirini na tatu tangu Septemba."

"Kama karatasi imesema, imesema."

"Agosti ulikaa kwenye semina yangu, Verlyn. Ukatia sahihi."

"Nilikaa. Tena nikauliza swali, mkanicheka."

Marlys alilikumbuka swali hilo. Mzee alikuwa ameuliza kama ni kosa pia kumpigia kijana bila kuisifia timu. Mtu mmoja akadakia kutoka nyuma, "Wewe ungemsifia nini, sabuni?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Kocha Rusk ndiye aliyekutuma?"

"Rusk hanitumi hata chumvi."

"Usimkingie kifua. Yeye atapata timu nyingine, wewe utaenda wapi? Nikiandika haya, kazi huna. Na yule kijana hatavaa jezi yetu."

Verlyn aliinua macho. "Hataivaa kabisa?"

"Kabisa."

Mzee akashusha pumzi ndefu, akaketi juu ya ndoo kama mtu aliyetua mzigo. "Basi andika, mama. Andika leo."

Marlys alikuwa ameshawaona wengi wakikiri. Hakuna aliyewahi kumharakisha.

Juu ofisini, Kocha Rusk aliwaka. "Mimi? Nimtume mfua soksi? Marlys, yule mtoto nimemfukuzia miaka miwili! Kiangazi alikuwa wangu, kashakula hadi mezani kwangu. Sasa hata simu zangu hapokei!"

Marlys alimsikiliza, akamwona anaigiza vizuri tu. Makocha wote huigiza vizuri.

Kilichobaki ni ushahidi wa kijana mwenyewe. Jumamosi asubuhi aliendesha gari kwa muda wa saa mbili kwenda kwao Colter, mashamba ya mahindi yamelala chini ya theluji pande zote, barabara haina mtu. Alifungua redio, akaizima. Katika kila ukimya alimwona Owen. Hakuwahi kumwona Owen akiwa hai zaidi ya mara mbili, lakini fomu ya saa za mazoezi ya wiki aliyokufa kijana huyo aliipitisha yeye. Alizihesabu saa, zikatosha, akatia sahihi. Chumba cha mvuke hakikuwemo kwenye fomu, kwa sababu kukaa kwenye mvuke hakuhesabiwi kuwa mazoezi. Hakuvunja kanuni yoyote. Hilo alijiambia kila alipopita ule ujia wa chini, na bado kila mara alijikuta anatembea haraka.

Mama yake Colter, Janelle, alimfungulia mlango, akammiminia kahawa bila kumuuliza kama anataka. Colter alikuwa mezani. Mashavu yalikuwa yamebonyea kama ya mgonjwa. Mbele yake palikuwa na yai moja lililochemshwa, na chupa tupu ambayo kila baada ya muda aliinua na kutemea mate.

"Jumanne anapimwa," Janelle alisema, akitazama pembeni. "Hata mate yana uzito, wanasema."

Marlys alifungua faili. "Colter, hujashtakiwa. Nijibu kweli tu. Bwana Postma aliwahi kukuahidi nafasi kwenye timu?"

"Hapana, mama."

"Alikuletea ujumbe wa Kocha Rusk?"

"Hajawahi kumtaja."

"Alikuambia chochote kizuri kuhusu chuo chetu?"

Kijana alifikiri. "Hapana."

"Mara ishirini na tatu, Colter. Mlikuwa mnazungumza nini?"

Colter alimtazama mama yake. Janelle akaitikia kwa kichwa kumruhusu, mkono mdomoni.

"Mimi nilikuwa nasikiliza tu. Zile simu za mwanzo alikuwa analia hadi anakata. Baadaye akaweza kusema. Kila Alhamisi jambo lile lile, ananiomba."

"Anakuomba ujiunge nasi," Marlys alisema, kalamu tayari juu ya fomu.

"Hapana, mama. Ananiomba nisije. Anasema mmoja ameshamtoa kwenye chumba cha mvuke kwa mikono yake, wa pili hataweza."