Wavutaji Walioitwa Jabalini

Ijumaa ya mwezi wa Rajabu, alfajiri, mume wa Bi Pimbi alikohoa mara ya mwisho akakata roho. Alizaliwa mwambani, lakini sigara zilimfikisha mahali pa kushindwa kupanda mwamba wa kwao.

Mwaka ule ulikuwa wa ukame na ghala la nchi lilikuwa tupu. Mfalme Nyati akaita baraza juu ya jabali kutafuta fedha za kulijaza, maana kwa desturi yao, asemaye na mfalme sharti apande. Eda ilipokwisha, Bi Pimbi alipanda akasema, "Mfalme, ongeza kodi ya sigara."

Fisi, muuza sigara, akajifuta machozi. "Huna huruma, shemeji? Mnyonge hana chakula, na moshi nao umnyang'anye?"

"Usiniite shemeji. Mwaka huu huu wa njaa, marehemu aliacha kununua mtama akanunua moshi wako."

"Basi waulizwe wanyonge wenyewe!" Fisi akapaza sauti. "Wavutaji, pandeni mnitetee!"

Wakaanza kupanda. Baraza likangoja. Katikati ya mteremko kikasikika kikohozi kitupu, wala hakufika hata mmoja.

"Mashahidi wako wameshasema," Nyati akamwambia Fisi. "Kodi ipande."

"Mtaniua kwa njaa!"

"Pole, jirani," akasema Bi Pimbi. "Uza mtama."

Akateremka polepole hadi kaburini, akainua mikono: "Ewe Mola, mrehemu mume wangu. Lipanue kaburi lake, umpe pumzi aliyoikosa duniani. Amina."