Ua la Kufunika Ufa

Pigo la nyundo halikumuua Matthias Zeiller. Alipepesuka, akashika kichwa juu ya sikio la kushoto, akamkodolea macho Korbinian kama mtu anayesubiri kuombwa radhi. Korbinian akamwangusha, akamkalia kifuani, akamkaba koo mpaka miguu ikaacha kupiga theluji.

Wawili hao, Korbinian sonara na Matthias seremala, walikuwa wametumwa Roma na watawa wa mji wao huko Bavaria, kuleta mifupa ya shahidi wa kale, Mtakatifu Viktorini. Korbinian ndiye angefua vito vya kuivika, kuanzia fuvu hadi vidole vya miguu. Kazi ya namna hiyo sonara huipata mara moja maishani, tena akiwa na bahati. Lakini wakiwa njiani kurudi alilewa chakari, nyumbu akamponyoka milimani, na sanduku la mifupa likaenda na mto.

"Mama Mkuu nitamwambia nilivyoona," Matthias alikuwa amesema. "Mtu hata kofia yako inakushinda kuishika, wataka ushikishwe mtakatifu?"

Maneno hayo ndiyo yaliyomponza.

Kilichofuata Korbinian alikifanya kwa utaratibu, kama afanyavyo kazi zake zote. Katika kibanda kilichoachwa na wachoma mkaa alimkata mwenzake kwenye viungo, akamchemsha siku tatu, akakwangua kila mfupa kwa kisu, akautia rangi kwa maji ya maganda ya tunda la jozi hadi ukaonekana wa kale. Alitapika mara mbili, akanawa, akaendelea. Hati ya Roma ilikuwa salama ndani ya koti lake. Mhuri wa sanduku jipya aliuchonga kwa kumbukumbu, na hakuna ambaye angeutilia shaka.

Watawa aliwaambia kwamba Matthias alichukuliwa na mto. Walilia, naye akalia nao, na machozi mengine yalikuwa ya kweli.

Kwa desturi yao, mwanamume haruhusiwi kuuona mwili mtakatifu kabla haujavikwa. Mifupa ikaoshwa, ikazungushiwa kitambaa chembamba, na Korbinian akawa anapeleka kazi yake mlangoni tu: pete, mikufu, mbavu za nyuzi za dhahabu. Majira yote ya baridi hakuinua uso mezani. Baada ya Pasaka, Sista Afra, msimamizi wa uvikaji, akamfuata karakanani.

"Fuvu lina ufa, fundi. Mama Mkuu anataka ua la dhahabu la kuufunika."

Korbinian alimchunguza usoni, lakini mtawa alikuwa mtulivu, tena ameshika njia kuondoka. Akasema litakuwa tayari kabla ya sikukuu ya mtakatifu.

Hakuwahi kutengeneza kitu kizuri kama ua lile. Petali zilikuwa za yakuti nyekundu, na mgongo wake aliutunisha kidogo ili uingie kwenye bonde la mfupa. Bati la dhahabu alilipindia juu ya uso wa nyundo ileile, maana kipimo cha ufa alikijua. Alipokuwa akilisugua alijisahau kabisa, akapiga mluzi.

Siku yenyewe akaitwa kanisani. Walikuwapo Mama Mkuu na Sista Afra, na askari wawili wa mji mlangoni, ambao Korbinian alidhani wanalinda vito. Sista Afra alifunua fuvu, akalibonyeza ua juu ya sikio la kushoto. Likakaa kama mfuniko wa chungu, bila nta, bila hata upenyo wa kupitisha unywele.

Korbinian alishindwa kujizuia. "Mikono yangu haikosei, Mama," akasema, na sauti ikamtetemeka kwa fahari.

"Naona," alijibu Mama Mkuu. "Wala hatukukupa kipimo cha ufa, wala kukwambia uko upande gani."

Akalivuta pazia la altare ya pili. Nyuma yake kulikuwa na sanduku lililovimba kwa maji, mbao zimepasuka, na mhuri wa Roma bado unaning'inia kwenye utepe wake.

"Mtakatifu Viktorini aliletwa na wasafirisha magogo mtoni wiki ya Pasaka, theluji ilipoyeyuka," akasema. "Sasa tuambie, fundi, huyu uliyemvika ua ni nani, tupate kumwombea kwa jina lake."