Gari la Mama Kibibi

Siku hizi ni marufuku kufuta kumbukumbu za gari, kwa hiyo ukinunua lililotumika unanunua na watu wake. Hela yangu ilikuwa ndogo. Gari la Mama Kibibi lilikuwa zima, injini haivuji hata tone, ila kila likiwashwa liliuliza, "Kibibi, umefunga mkanda?" na halikuondoka mpaka lijibiwe. Kibibi alikufa kwa homa mwaka jana.

"Hiyo ni kasoro, Mama Kibibi," nilisema, nikimwita kwa jina hilohilo la marehemu. "Nipunguzie."

"Huwa namjibia mimi," alisema. Akanipunguzia bila kubisha.

Nikampandisha binti yangu Sharifa nyuma, nikawasha. Gari likauliza. Kabla sijafungua mdomo, Sharifa akaitika, "Nimefunga."

Mama Kibibi akakimbilia dirishani. "Mwambie aseme tena. Mara moja tu, dada."

Nilishapata bei niliyoitaka. Kwa aibu nikapandisha kioo, nikatazama mbele.

Gari likaanza kujiendesha taratibu kutoka getini, kama lilivyozoea kila asubuhi ya shule.

"Kibibi," likasema kwa upole, "mpungie mama mkono."

Sharifa akapunga.