Ulimi wa Bi Somoe

Siku hizo kila mtoto alidondoshewa tone moja ulimini alipozaliwa, na tone hilo lilifunga vipokezi vya ladha chungu maisha yake yote. Watoto walikunywa dawa bila kulia. Mtaani kwao, Lindi, aliyebaki na ulimi wa zamani ni Bi Somoe peke yake, kwa hiyo majirani walimletea mihogo aionje kabla hawajaila, maana ule mchungu una sumu.

Asubuhi moja, Bi Somoe akiwa ndiyo kwanza ametoka kuugua mafua makali, binti yake Hadia alimpa kipande kibichi.

"Nionjee, mama. Ruzuna ana njaa."

Bi Somoe alitafuna. "Mzuri huu. Mpe mtoto."

Kisha akanywa mwarobaini wake wa kila siku, na hakusikia uchungu wowote. Ilikuwa kama maji.

Alikimbilia jikoni. Mjukuu wake alikuwa ameshapeleka muhogo mdomoni. Akampokonya, na Ruzuna akaangua kilio.

"Mama, si umesema mzuri?"

Bi Somoe alitaka kusema ukweli, akashindwa. "Nilikosea. Mchungu. Tupa wote."

Hadia akautupa bila kubisha, kwa sababu hakuwa na njia ya kujua.

Jioni jirani yao Mwanahawa akabisha hodi na kikapu cha mihogo.

"Shikamoo, Bi Somoe. Nionjee, wanangu hawajala."

Bi Somoe alitafuna taratibu, akameza, na kwa kuwa hakusikia ladha yoyote, akaomba kipande kingine.